Frigo Iliacha Kulia Usiku

Ndugu msomaji, labda wewe unakaa katika nyumba yenye waya ya umeme. Ukikatika, unanung'unika, unawasha buji, unangoja urudi. Huulizi umekula kiasi gani. Mimi pia nilikuwa vile. Miaka yote ya uchungaji wangu katika miji ya migodi nilijua maneno mawili tu juu ya umeme: uko, au hauko. Kuhesabu umeme kama mama anavyohesabu vikombe vya unga mbele ya kupika bukari, hilo sikulijua.

Nililijua katika kambi ya vijana, mwisho wa mwezi wa nane, mbele ya shule kufunguliwa. Tulikwenda porini, kilomita 60 hivi kutoka Kolwezi, kando ya kijito. Vijana 34, wakubwa 6, siku 6. Pale hapakuwa na waya, hapakuwa na gurupe ya mazutu. Tulikuwa na remoki yetu.

Remoki hiyo ni ya zamani. Zamani ilibeba viti na ngoma za kwaya. Fundi mmoja wa vyuma akaiwekea kuta za mbao, paa ya bati, vitanda viwili na meza ndogo. Juu ya paa tulifunga plake moja ya jua ya wati 100. Ndani tuliweka batri ya volti 12, ampere 100, ampuli nne ndogo za LED, frigo ndogo ya volti 12 ambayo ndugu mmoja alituazima, na konvertisa, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa batri kuwa kama ule wa nyumbani. Ulaya na Marekani kuna watu wanaokokota nyumba ya namna hii nyuma ya gari wakati wa likizo, wanalala nayo msituni. Yetu haikuwa na uzuri wa zile, lakini shida ya umeme ndani yake ni moja.

Katika remoki walilala mama muuguzi wetu na binti wa miaka 14, mwenye ugonjwa wa sukari. Binti huyu anapigwa sindano ya insulini kila siku. Mtoto wa ugonjwa wake akikosa dawa ile hawezi kuishi siku nyingi. Chupa anayoitumia inaweza kukaa inje, mahali pasipo joto kali, kwa majuma kama manne. Lakini chupa za akiba zinapaswa kukaa katika baridi ya frigo, digri 2 mpaka 8, wala zisigande, ikiganda inatupwa. Mama yake alikuwa amenunua mbili za akiba kwa taabu, na hakutaka kuziacha nyumbani ambako umeme unakatika siku nzima.

Siku ya kuondoka alinishika mkono. «Baba Pasta, ile frigo itatumika kweli?»

«Mama, usiogope,» nikamwambia. «Batri ni mupya.»

Nilijibu mbio. Sikuwa nimepima kitu hata kimoja.

Siku ya kwanza tulifika katikati ya mchana, na kila mtu alifurahi. Kijana wa kwanza akaniomba: «Baba Pasta, naweza kuchomeka telefone kidogo?» Nikasema ndiyo. Nyuma yake wakaja ishirini na tisa. Jioni tukawasha mashini ya sauti kwa ajili ya nyimbo, saa tatu mfululizo. Siku ya pili, kiongozi wa kwaya, kijana mzuri ambaye anapenda suruali yake iwe na mstari, akaleta fero ya nguo! Konvertisa ikalia piiiii, ikazima. Tulicheka sana. Kumbe ile ilikuwa sauti ya kutuonya, na mimi nilicheka pamoja nao.

Juu ya ukuta kulikuwa na kisanduku kinachosimamia plake, chenye taa ya kijani. Mimi kila nikipita nikaona kijani, nikasema moyoni: mambo iko muzuri. Baadaye nikafundishwa kwamba kijani ile ilisema tu kwamba plake inaleta kitu. Haikusema batri imebaki na nini.

Usiku wa pili, mbele ya mapambazuko, mama muuguzi alipiga mlango wa hema yangu.

«Baba Pasta, lamuka. Frigo iliacha kulia.»

Frigo ile ikifanya kazi inalia kidogo, kama nyuki mbali. Tuliingia, tukasikiliza. Kimya. Inakata yenyewe batri ikishuka sana. Ampuli zilikuwa hafifu, kama jicho la mtu mwenye usingizi. Binti alikuwa macho kitandani, anatuangalia, hakuuliza neno. Nikamkumbuka mama yake mlangoni.

Kati yetu wakubwa alikuwa shemasi mmoja mzee, aliyefanya kazi ya umeme katika migodi kwa miaka mingi. Asubuhi alikuja na voltimeta yake mfukoni, akagusa batri: volti 11,6. Akatikisa kichwa.

«Baba Pasta, hii batri mulikula mpaka mufupa.»

Nikamwambia labda ni batri mbaya, labda mwenye duka alitudanganya. Akakataa: «Haina ugonjwa ya batri. Njo hesabu. Leta karatasi.»

Nikaleta. Tuliandika nyuma ya ukurasa wa nyimbo, na ninakuandikia hesabu ile yote, maana ndiyo kitu nilichotaka ukipate, ndugu msomaji. Chukua kalamu.

Kila kitu cha umeme kimeandikwa wati zake. Wati ni upesi wa kula. Ukizidisha wati kwa saa kilizofanya kazi, unapata kile kilichokula. Ampuli zetu ni wati 5 kila moja; nne kwa saa 5 ni 100. Frigo ni wati 45, lakini haifanyi kazi wakati wote, inalala na kuamka. Kwa mchana na usiku ni kama saa 8, basi 360. Mashini ya sauti wati 100 kwa saa 3, ni 300. Telefone moja, ukihesabu na kile kinachopotea njiani, ni 20. Mara 30 ni 600. Nikasimama hapo. Telefone! Mimi niliwaza hazili kitu.

«Bado,» shemasi akasema. «Andika konvertisa yenyewe.»

«Konvertisa inakula nini? Inageuza tu.»

«Ikiwaka, hata kama hakuna kitu juu yake, ile yenu inakula wati 10. Muliizima siku gani?»

Hatukuizima. Wati 10 kwa saa 24 ni 240. Jumla: 1 600 kwa siku moja.

Sasa upande wa kuingia. Plake ya wati 100 haitoi 100 tangu asubuhi mpaka jioni. Asubuhi jua liko upande, jioni vilevile, joto linaipunguzia nguvu, na mwezi wa nane hewa yetu ina moshi wa mapori yanayoungua. Ukipata kama 400 kwa siku, shukuru. Na batri? Volti 12 mara ampere 100 kwa saa ni 1 200. Lakini batri ya risasi, ile yenye maji makali ndani, haitaki kuliwa mpaka chini. Ukipita nusu mara nyingi, inakufa mbele ya wakati wake. Basi ya kutumia ni 600 tu.

Tuliingiza 400, tukala 1 600. Hata mtoto wa darasa la tatu angeona. Mimi mwenye shule ya Biblia sikuona.

Swali la mbio lilikuwa dawa. Jua lilikuwa linapanda, na adhuhuri pale joto linafika digri 31. Mama muuguzi hakungoja hesabu zetu. Alikwenda kijijini akaazima nyungu mbili za udongo, moja kubwa, moja ndogo. Akaweka ndogo ndani ya kubwa, katikati akajaza mchanga, akaumwagia maji, juu akafunika kwa kitambaa kilicholowa. Chupa za insulini akazifunga katika mfuko wa plastiki ili zibaki kavu, akaziweka ndani. Nyungu ikakaa kivulini, mahali pa upepo. Maji yakikauka kwa upepo yanachukua joto. Adhuhuri alisoma kipimo chake: inje 31, ndani 22. Si baridi ya frigo, na usijaribu kuweka humo dawa ya miezi. Lakini ilitosha kwa siku chache. Aliandika juu ya kila chupa siku ilizokaa inje ya baridi, ili zitumiwe za kwanza. Jambo moja: nyungu hii inafanya kazi vizuri wakati wa kiangazi, hewa ikiwa kavu. Wakati wa mvua haisaidii sana.

Kisha tukaketi kupanga. Frigo tukaizima kwa siku mbili ili batri ipone. Konvertisa tukaizima kabisa. Telefone ukizichomeka moja kwa moja kwenye volti 12, kwa kichwa kile cha gari, hupotezi mengi. Ampuli mbili tu, saa nne. Sauti, hapana, ngoma haili umeme. Telefone tano kwa siku, katikati ya mchana wakati jua linaleta.

Hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Vijana 34, telefone tano! Mmoja akaniambia mbele ya wote: «Baba Pasta, ile batri tulichangia shiye bote. Juu ya nini mutu moja njo anaikula?»

Alikuwa na haki juu ya mchango. Kila mzazi alitoa. Sikutaka kumjibu kwa ukali, na sikutaka kutaja ugonjwa wa binti mbele ya watu, maana si wote walijua. Nikaweka ile karatasi mezani, nikamwambia: «Mwana yangu, kaa hapa. Hii njo yenye kuingia, hii njo yenye kutoka. Panga wewe.» Alikaa muda mrefu na kalamu. Alijaribu telefone kumi, akajaribu nane. Wakati ule binti mwenyewe alikuja, akasema kwa sauti ndogo: «Yaya, frigo ni ya dawa yangu.» Kijana akainama. Kutoka saa ile ndiye aliyekuwa mlinzi wa batri, na alikuwa mkali kupita mimi. Mimi mwenyewe alininyima zamu, akisema mchungaji anaweza kungoja kesho. Nilingoja.

Alijifunza pia kusoma voltimeta. Batri ya risasi inapimwa asubuhi mapema, mbele ya jua kugusa plake, vitu vyote vimezimwa, batri imepumzika. Ikisema 12,7 imejaa. 12,2 ni nusu, na hapo unaacha kula. 12,0 iko chini mno. Usipime wakati jua linaijaza, kwa maana utasoma 13 au 14 na kujidanganya, kama mimi na taa yangu ya kijani. Siku ya nne asubuhi tulisoma 11,9. Ya tano, 12,1. Ya sita, 12,3, na frigo ikawashwa tena.

Shemasi alitusaidia pia kupata zaidi kutoka plake ile ile moja. Ilikuwa imelala bapa juu ya paa, chini ya tawi la muti. Tulifikiri kivuli kidogo si neno. Kumbe kivuli kwenye kipande kimoja kinaweza kuiba sehemu kubwa ya umeme wa plake nzima. Tukaivuta remoki mahali pa wazi. Katika kiangazi, kwetu Katanga, jua la adhuhuri linaegemea upande wa kaskazini, basi tukaiinua plake kidogo kuelekea kule. Kila asubuhi kijana mmoja aliifuta vumbi kwa kitambaa kilicholowa. Wewe unayekaa kando ya njia ya malori ya mgodi unajua vumbi lile.

Na frigo tukaifundisha kula kidogo. Kivulini, mbali na ukuta wenye jua. Kufunguliwa mara mbili kwa siku, si kila mwenye kiu. Ndani tukajaza chupa za maji, na tuliziingiza adhuhuri wakati plake inaleta kwa wingi, ili usiku zishike baridi na mashini ilale. Frigo tupu inapoteza baridi yake upesi kila unapofungua.

Jioni ya tano, tukikaa inje, kijana mwingine alionyesha kwa kidole minara mirefu ya chuma kule mbali. Ni ile laini inayotoka Inga mpaka Kolwezi, kilomita 1 700 hivi, iliyoanza kazi mwaka 1982. «Umeme wote ule unapita juu yetu,» akasema, «na shiye tunahesabu telefone tano. Hatuwezi kukamata kidogo?»

Watu wengi wa vijiji wanauliza vile, tena kwa uchungu, na sidhani ni swali la kijinga. Shemasi akamwonya kwanza kwamba waya ule hauguswi ili mtu amwage umeme. Hata kuusogelea ni kufa. Kisha akaeleza. Umeme wa nyumbani unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde moja. Ule wa laini ya Inga unakwenda upande mmoja tu, kama wa batri, ila kwa volti 500 000. Unasafirishwa vile ili usipotee sana njiani. Ukifika Kolwezi unaingia katika kituo kikubwa cha kuugeuza, ndipo migodi na miji inaweza kuutumia. «Kile kituo ni konvertisa,» akasema. «Sawa na kile kisanduku chenu kilicholia juu ya fero. Kijiji hakiwezi kununua konvertisa ya ukubwa ule.» Vijana walinyamaza wakiangalia minara. Mmoja akasema kwamba hata telefone zenyewe zina kobalti, na baba yake anachimba kobalti. Ni kweli. Zaidi ya nusu ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchini kwetu, na nyingi inatoka pande za Kolwezi. Neno hilo mimi sina jibu lake.

Kama wewe au kanisa lako mnataka kununua vitu hivi, nisikilize kidogo. Batri ya kuwasha gari si ya kazi hii. Imefanywa kutoa nguvu nyingi kwa dakika moja na kujazwa tena mara hiyo. Ukiila polepole usiku kucha, miezi michache imekwisha. Tafuta ile ya kazi ya plake. Sokoni usiamini maandishi peke yake, inua kwa mikono: batri ya risasi ya kweli ya ampere 100 ina kilo karibu 30. Ikiwa nyepesi kama gunia dogo la makala, acha. Siku hizi kuna batri za lityumu zenye chuma na fosfati, zisizo na kobalti. Ni nyepesi, unaweza kuzila mpaka asilimia 80 na zinadumu miaka mingi, lakini bei inatisha, na kipimo chake cha volti si kile nilichokuandikia hapa juu.

Weka fizibo karibu kabisa na batri, kwenye waya ya kujumlisha, ile nyekundu. Ni kidude kinachokatika mbele waya haijaungua. Waya iwe nene. Sisi tulikuwa na waya nyembamba kutoka gari mpaka remoki, tukidhani batri itajaa njiani. Ilipata joto tu, batri haikupata kitu cha maana. Na mahali pa batri pawe na hewa. Batri ya risasi ikijazwa inatoa gazi inayoweza kulipuka. Usiku wa kwanza nilikuta vijana wamewasha babula ya makala karibu na tundu la batri ili wapate joto. Niliiondoa mwenyewe, na nilikasirika kuliko siku ile ya telefone. Maji yake yakipungua, ongeza yale yaliyosafishwa ya kununua. Ya kisima yanaiharibu.

Tuliporudi mjini, mama wa binti alikuwa anangoja penye kituo. Nilimwambia yote, hata ule usiku, hata kwamba nilimjibu mbio mlangoni pake. Hakusema kitu kwanza. Alichukua chupa mbili, akasoma maandishi ya mama muuguzi juu yake, akaziweka katika kikapu chake. Kisha akaniuliza: «Na mwaka ujao, Baba Pasta, mutakuwa na plake ngapi?»

Tumekwisha kununua ya pili. Remoki iko nyuma ya kanisa, plake ziko juani, frigo imerudishwa kwa mwenyewe. Batri isiyotumika nayo inajimaliza polepole, kwa hiyo yule kijana wa telefone anakuja kuipima kila Jumapili asubuhi mbele ya ibada. Juma hili alisoma 12,6.